Maziwa ya Mkwe, Katlesi za Samaki

Jumapili ile nilipika kama mtu anayesubiri wageni mia, kumbe niliyekuwa namsubiri ni mmoja tu, dereva wa kombaini mwenye miguu mirefu na maneno machache.

Mimi ni Letisia, mpishi wa gesti ya shamba la ngano, hapa karibu na Basotu. Kwetu ni Tlawi, kule juu Mbulu kwenye baridi na viazi. Mwaka ule wa themanini na nne nilikuwa na miaka ishirini na tisa, na wenzangu niliopata nao kipaimara walikuwa na watoto wa darasa la tatu. Mimi nilikuwa na chumba kimoja kwenye kota za wafanyakazi, jiko la mkaa, kitanda cha futi tatu na nusu, na ukimya. Jamani, ukimya wa kule tambarare usiombe! Ngano ikishavunwa yanabaki mabua matupu mpaka chini ya mlima Hanang, na upepo unaingia ndani bila hata kubisha hodi. Wiki nzima napikia watu thelathini. Wanasema asante mpishi, wanafuta midomo, wanaondoka. Jumapili hakuna hata wa kuniambia chumvi imezidi.

Nyumbani nako nilikuwa nimefukuzwa. Baba yangu, mzee Nikolausi, alipopata habari kwamba binti yake anamtaka kijana wa wafugaji, tena asiye na ubatizo, alinipa maneno mafupi kabisa: "Usikanyage hapa mpaka akili ikurudie." Akili haikurudi, na mimi sikurudi. Mwaka wa pili ule.

Upande wa Gidamis, kijana mwenyewe, kule Getanuwas, hali ilikuwa hiyo hiyo. Mama yake alisema hataki mwanamke wa mlimani anayenuka samaki. Kwao samaki si chakula. Na nikisema kweli, hata kwetu bibi yangu angemwona samaki kwenye sahani angetoka nje kutema mate. Mimi nilifundishwa kumpika na mke wa mtaalamu mmoja wa matrekta, mama mnene wa Kanada, aliyenisimamia jikoni gesti hadi nikaweza katlesi zake za samaki na mchuzi mweupe wa maziwa. Alipoondoka kurudi kwao aliniachia kikaango na kikombe cha kupimia. Nililia siku mbili, maana ndiye aliyekuwa akinijulia hali kila asubuhi.

Katlesi hizo ndizo zilizoniletea Gidamis. Msimu mmoja alikuja kwenye dirisha la jiko, amechelewa, kombaini imemlalia shambani, vumbi mpaka kwenye kope. Nikampa kilichokuwepo. Akala sita kwa kusimama.

"Hii ni nini?" akauliza, akilamba kidole.

"Samaki."

Akaacha kulamba. Nikajua sasa ananirushia sahani. Akaniangalia, akaangalia sahani, akaniangalia tena, na yale macho yake yalivyotulia usoni kwangu mimi nikasahau kijiko ndani ya sufuria.

"Zimebaki?" akasema.

Tangu hapo kila Alhamisi. Anakuja dirishani, anakula, ananiambia nisimwambie mtu. Wakati ule mchuzi nilikuwa napika kwa maziwa ya kopo, ya unga. Kuna siku alisema, "Haya ya kopo hayana shida, Leti. Hayana ng'ombe. Hayana mwenyewe." Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilidhani ni utani, na yeye hakunieleza zaidi.

Basi Jumapili ile asubuhi na mapema nasikia hodi. Gidamis huyo mlangoni, kashika kibuyu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Mama amekutumia," akasema.

"Mama yupi?"

"Wangu. Maziwa. Amekamua alfajiri, nimekuja na lori la shamba. Amesema nikupe wewe, mkononi."

Nilikipokea, nikaketi kitandani. Mama yake! Yule aliyeapa! Kibuyu kilikuwa bado na joto, kinanukia moshi, kimefungwa kamba ya ngozi safi.

"Amekubali?" nikauliza.

"Hajasema. Amekutumia tu." Lakini alikuwa anatabasamu, na Gidamis hatabasamu ovyo. "Naye amekuja kwa lori hilo hilo, anaenda mnadani Basotu. Mimi naitwa karakana, nitakuja kula saa saba. Pika kitu kizuri, Leti."

Akanigusa shavu kwa nyuma ya kidole, akaenda. Nilibaki nimeshika shavu kama mwenye jino bovu.

Kitu kizuri! Sasa mimi kitu changu kizuri ni kipi? Nilikimbia kwa Hilaria anayeleta samaki kutoka ziwani, nikachagua perege watatu wanene. Nikawapara magamba, nikawachemsha na chumvi na limau, nikachambua miiba mmoja mmoja, maana nilitaka mtu huyu ale bila kusita. Nikamenya viazi vya kwetu, nikaviponda vikiwa vya moto. Kitunguu, pilipili manga, yai moja. Nikafinyanga viduara, nikavichovya kwenye yai la pili, nikavigaragaza kwenye chenga za mkate mkavu, mkate wa ngano yetu wenyewe. Mafuta yakaanza kuimba. Na mimi nikaanza kuimba.

Jirani yangu Verediana, mke wa fundi makenika, akachungulia. "Leo kuna nini? Umepaka mafuta mpaka magotini!"

"Nina mgeni."

"Mgeni gani asiyejulikana kota nzima?" Akacheka. "Haya, oaneni basi tupumzike kuchungulia."

Ikabaki mchuzi. Nikafungua kopo la maziwa ya unga, tupu. Nikaligonga, tupu kabisa. Mwaka ule vitu dukani vilikuwa vya kuota, na gesti yenyewe ilikuwa wiki ya tatu haina. Nikasimama na mwiko wangu hewani. Kisha nikageuka, nikakiona kibuyu.

Wallahi sikuona ubaya. Kwetu Tlawi ukipewa maziwa ni maziwa, unakunywa, unapikia uji, unampa jirani. Tena nilijiona mwenye akili. Nikasema leo mama yake na mimi tutamlisha kijana wetu kwenye sahani moja. Nikaengua utando mnono wa juu, nikauweka pembeni. Nikakaanga vijiko viwili vya unga kwenye siagi, nikamimina maziwa kidogo kidogo nikikoroga yasishikane madonge, mwisho nikatia ule utando na limau. Ulitoka mchuzi mzito, laini, mweupe kuliko wowote niliowahi kupika. Nilionja nikafumba macho.

Saa saba kamili aliingia, ameoga, shati limepigwa pasi. Nikaweka sahani moja katikati yetu, maana meza yangu haitoshi mbili, na mimi sikutaka itoshe. Akala ya kwanza. Akala ya pili. Goti lake lilikuwa limegusa langu na hakuna aliyelisogeza.

"Leti."

"Bee."

"Nikikuoa utakuwa unanipikia hizi?"

"Ukinioa! Kwani hujaamua?"

"Nimeamua siku nyingi. Nilikuwa namsubiri mama." Akachovya ya tatu, akaila yote. Akachukua ya nne, akaiuma upande. "Huu wa leo ni mwingine kabisa. Kopo umelipata wapi?"

"Si kopo," nikasema kwa maringo. "Ni ya kibuyu. Ya mama."

Mkono wake ukasimama. Aliiweka ile katlesi sahanini taratibu, akafuta vidole kwenye suruali aliyotoka kuipiga pasi.

"Umefanya nini, Leti?"

"Nimepika. Kwani..."

"Maziwa ya ng'ombe kwa samaki? Maziwa ya nyumbani?"

"Si unakula kila Alhamisi!"

"Ya kopo! Nilikwambia ya kopo hayana ng'ombe! Haya yana ng'ombe, amesimama pale boma, ana ndama. Ukichanganya na samaki ng'ombe anakauka. Ndama anakufa. Kwetu hata mtoto mdogo anajua."

"Mimi si mtoto wa kwenu, Gidamis! Mimi ni wa Tlawi! Ungeniambia! Mdomo wako unafunguka kwa kula tu?"

Nililia na kugomba pamoja. Yeye alikuwa amekaa, mikono kichwani. Na hapo hapo nje ikasikika sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Hodi."

Gidamis alisimama kama aliyemwagiwa maji. "Ni mama."

"Si ulisema ameenda mnadani?"

"Ametoka mnadani." Akanishika mikono yote miwili, ananong'ona haraka haraka. "Nisikilize. Atakuuliza kama umekunywa. Sema umekunywa. Neno moja tu, Leti, tunaoana."

"Na kibuyu?"

"Atakichukua. Hatajua."

Akaichukua ile sahani, akaisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Nikafungua mlango.

Alikuwa mrefu kama mwanawe, vazi la ngozi, bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko, vumbi la mnadani miguuni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Aliketi kwenye kigoda. Hakumwangalia Gidamis hata kidogo. Aliniangalia mimi, mikono, shingo, miguu, bila haraka na bila dharau, kama mtu anayetaka kukumbuka baadaye.

"Wewe ndiye Letisia."

"Ndiye mimi, mama."

"Umekonda. Nani anakupikia?"

Mimi, mpishi wa watu thelathini! Tangu mama yangu afariki hakuna aliyewahi kuniuliza swali hilo.

"Mimi nilikukataa sana," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha kukata kata, lakini kila neno lilifika. "Nimechoka kukataa. Huyu anakuja nyumbani, anaangalia huku tu. Nikasema basi. Maziwa nilituma ni ya ng'ombe yako."

"Yangu?"

"Nimechagua mimi. Mwekundu, hapa ana nyeupe." Akajigusa paji la uso. "Ana ndama jike. Siku unaingia kwangu, unapewa huyo. Watoto wako watakunywa hapo." Akanyoosha mkono. "Umekunywa?"

Nilimwangalia Gidamis. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kidogo sana, macho yamenitoboa. Neno moja tu. Ndiyo, mama, nimekunywa, matamu. Ningepata mume. Ningepata boma lenye sauti za watu. Ningepata huyu mama aliyeona nimekonda. Nawaambia ukweli, neno lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi.

"Nipe kibuyu," akasema. "Jioni nakamulia tena humo, kesho nakuletea mwenyewe."

Akakishika. Nikamwona akikifuta vumbi kwa kiganja, taratibu, na nikaona jinsi anavyompenda yule ng'ombe. Sikuweza. Mimi sijui kama ng'ombe hukauka, lakini yeye alijua, na angeenda kumkamua mnyama wake kwenye chombo ambacho mimi nimekichafua.

"Mama, usikamulie humo," nikasema. "Sijakunywa. Nimepikia samaki. Sikujua. Nisamehe."

Alikiweka kibuyu chini. Hakukitupa, alikiweka. Bangili zililia mara moja.

"Hukujua," akasema.

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza."

"Sikuuliza."

Ndipo alipomgeukia mwanawe kwa mara ya kwanza. Angeweza kumwuliza kwa lugha yao. Aliuliza kwa Kiswahili, nami nisikie.

"Na wewe? Umekula?"

Nilimwangalia mpenzi wangu. Nilikuwa na hakika kabisa. Nilijua sasa atasema, ndiyo mama, nimekula na huyu, kosa ni letu wawili. Hata mkono wangu ulishaanza kwenda kuutafuta wake.

"Sijala," Gidamis akasema. "Nimefika sasa hivi. Nimemkuta amemaliza kupika."

Sahani ilikuwa chini ya kitanda, hatua moja kutoka kwenye kisigino changu. Ningeivuta kwa mguu ikajieleza yenyewe. Na mdomo wangu huu, ambao baba anasema utanifukuzisha hata mbinguni, nilijua utamchana chana hapo hapo. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema, "Hajala, mama. Ni mimi peke yangu."

Mama yake alimwambia kitu kwa lugha yao, kifupi. Gidamis akatoka. Alipita mbele yangu bila kunigusa, na kwenye pembe ya mdomo wake mchuzi mweupe ulikuwa umeganda.

Tukabaki wawili. Mama aliinuka kwenye kigoda, akanikalisha kitandani, akakaa karibu yangu, mpaka harufu ya moshi wake ikanifikia.

"Huyo mdomo nimeufuta mimi tangu hauna meno," akasema. "Naona maziwa pale. Nasikia harufu ya samaki akipumua. Kwa nini umebeba wewe?"

Machozi yalinitoka bila kelele. "Nampenda, mama."

"Nimeona." Akaniwekea mkono kichwani. Ulikuwa mzito na mkavu. "Hii ya ng'ombe, wazee wanajua namna. Watatengeneza, itaisha. Kibuyu naacha, kingine nitatafuta. Wewe umesema ukweli, mimi sina shida na wewe." Akaondoa mkono. "Wewe unampenda. Na yeye?"

Niliona swali hilo ni rahisi. Nikainuka, nikafuta uso kwa khanga, nikatoka mpaka kizingitini. Jua la mchana lilikuwa linachoma. Gidamis alikuwa amesimama barabarani, mbele ya kota, mikono mifukoni. Verediana alikuwa anaanua nguo ambazo hazijakauka. Wanaume wawili wa karakana walikuwa wamekaa kwenye tela, wameacha kuongea.

"Gidamis!" nikaita. Sikujali. "Mama anajua umekula. Hana hasira. Anauliza swali moja tu, kama unanipenda. Mjibu!"

Mama yake alikuja akasimama nyuma ya bega langu. Kota nzima ilikuwa inasikiliza. Gidamis aliniangalia kwa yale macho yaliyonisahaulisha kijiko. Akawaangalia wale wanaume kwenye tela. Mmoja wao akatabasamu. Kisha Gidamis akainama, akaanza kufunga kanda ya kiatu chake cha tairi, kanda ambayo ilikuwa imefungwa tayari. Akaifungua, akaifunga. Akaifungua tena.

Nilihesabu pumzi zangu nikimsubiri ainuke, mpaka nikachanganya hesabu.

"Kwaheri, binti," mama akasema kwa sauti ndogo. "Kula."

Akapita, akaanza kutembea kuelekea Basotu bila kumngoja mwanawe. Hapo ndipo Gidamis aliponyanyuka, na akamfuata. Nilisimama pale nikimtazama, na nikajua kwamba hata sasa, akigeuka mara moja tu, nitamsamehe. Walikwenda katikati ya mabua, mama mbele, yeye nyuma, wakawa wadogo, wakawa vidoa, na mimi bado nilikuwa nimesimama.

"Leti, pole," Verediana akasema kutoka kwenye kamba.

"Nguo zako mbichi hizo," nikamwambia. "Ziache zikauke."

Nikaingia ndani. Nikavuta sahani chini ya kitanda. Ilikuwa imebaki katlesi moja, ile ya nne, imeumwa upande mmoja. Nikaimaliza, maana mama alisema nile.